Leza ya kuondoa miwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu mzima anayevaa miwani au lenzi na anafikiria kufanyiwa leza ili aachane nazo. Watu wengi huanza kwa kuuliza mashine ipi ni bora. Sisi tunaanza na jicho lenyewe, kwa sababu matatizo mabaya zaidi ya upasuaji huu huwapata watu ambao vipimo vyao vilitakiwa kuwazuia tangu mwanzo.

Leza hii inafanya nini hasa kwenye jicho?

Inabadilisha umbo la konea, kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni. Konea ndiyo inayofanya takriban theluthi mbili ya kazi ya kupinda mwanga ili uangukie kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Kwa mtu asiyeona mbali, mwanga hukusanyika kabla ya kufika kwenye retina, hivyo leza hupunguza mbinuko wa konea katikati. Kwa asiyeona karibu, huchongwa pembezoni ili katikati pabinuke zaidi. Astigmatizimu, yaani konea iliyobinuka kuliko inavyotakiwa upande mmoja, husawazishwa kwa kufuata mhimili wake.

Leza inayochonga huitwa eksaima. Ni mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, na kila pigo huondoa chini ya mikroni moja (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita) bila kuunguza tishu zinazobaki. Mwaka 1981 watafiti wa IBM huko New York waliijaribu kwenye mabaki ya nyama ya bata mzinga ya sikukuu, wakaona mkato safi usio na alama ya kuungua. Miaka miwili baadaye daktari wa macho Stephen Trokel aliileta kwenye konea. LASIK, mojawapo ya njia za upasuaji huu tutakazoeleza hapa chini, ilianza kwa daktari wa macho Ioannis Pallikaris katika kisiwa cha Krete, Ugiriki, mwishoni mwa miaka ya 1980.

Ni leza ileile wanayopigwa wagonjwa wa kisukari au presha ya macho?

Hapana. Mgonjwa wa kisukari hupigwa leza ya retina ili kuzuia mishipa mibovu isivuje damu. Wa presha ya macho hupigwa leza ili maji ya ndani ya jicho yapate njia ya kutoka. Aliyetolewa mtoto wa jicho akapata ukungu baadaye husafishwa utando wa nyuma ya lenzi kwa leza ya YAG. Hizo zote ni tiba za ugonjwa na hazipunguzi namba ya miwani. Ukiambiwa kliniki fulani “ina leza”, uliza ni ya kazi gani.

LASIK, PRK na SMILE zinatofautianaje?

Katika LASIK, daktari hukata kifuniko chembamba cha konea, mikroni 100 hadi 120 hivi, kwa leza ya femtosekondi (leza inayokata kwa mapigo mafupi mno) au kwa kisu cha mashine. Hukifunua kama ukurasa, hupiga eksaima chini yake, kisha hukirudisha. Hakishonwi. Uwezo wa kuona hurudi haraka, mara nyingi kufikia kesho yake.

PRK haina kifuniko. Utando wa juu kabisa wa konea hukwanguliwa au kulegezwa kwa alkoholi iliyozimuliwa, eksaima hupigwa juu, na jicho hufunikwa kwa lenzi laini ya kinga mpaka utando uote upya. Inauma zaidi na picha huchelewa kutulia, lakini hubakiza konea nene zaidi na hakuna kifuniko cha kuchezeka maishani. Kwa bondia, askari, au mtu mwenye konea nyembamba kiasi, sisi tungeitazama PRK kwanza.

SMILE hutumia femtosekondi peke yake. Leza huchora kidisko cha tishu ndani ya konea, na daktari hukivuta kupitia tundu la milimita 2 hadi 4, ilhali mkato wa kifuniko cha LASIK hufikia milimita 20 hivi. Marekani iliiruhusu mwaka 2016 kwa wasioona mbali. Kwa wasioona karibu bado haijazoeleka.

Mwaka mmoja baadaye, uwezo wa kuona wa makundi haya matatu huwa karibu sawa. Kwa hiyo anayekwambia njia yake ndiyo pekee ya kisasa huenda anauza mashine aliyonayo.

Nani hafai?

Aliye chini ya miaka 18 asubiri. Hata aliyefika 18 asubiri kama namba yake bado inapanda: inatakiwa isibadilike zaidi ya nusu dayopta (dayopta ni kipimo cha namba ya miwani) kwa muda wa mwaka mmoja. Njoo na karatasi za miwani ya zamani, ndizo ushahidi.

Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri, kwa sababu homoni hubadilisha namba na ukavu wa macho. Angalau miezi 3 ipite baada ya kuachisha mtoto. Kisukari kisichodhibitiwa hupandisha na kushusha namba pamoja na sukari, na kidonda huchelewa kupona. Magonjwa ya kinga kushambulia mwili, kama baridi yabisi ya viungo na lupus, yanahitaji mashauriano na daktari anayekutibu. Anayeishi na VVU ambaye virusi vimefubazwa kwa ARV hazuiwi moja kwa moja, ila ni lazima aseme. Vilevile aseme aliyewahi kupata mkanda wa jeshi usoni au herpesi ya jicho, kwani virusi hivyo hulala kwenye neva na upasuaji huweza kuviamsha. Dawa ya chunusi ya isotretinoin hukausha macho. Ukiwa unaitumia, upasuaji huahirishwa.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni keratokonasi, ugonjwa ambao konea hukonda na kuchongoka mbele. Hapa Afrika Mashariki watoto wengi hukua na mzio wa macho unaowasha vibaya, na wanafikicha macho kwa miaka. Kufikicha huko kunahusishwa na keratokonasi. Kama wewe ni mfikichaji, au miwani yako ya astigmatizimu imekuwa ikibadilishwa kila mara, mwambie daktari kabla hajakuuliza.

Watu wenye keloidi huuliza sana. Maelekezo ya zamani ya mashine yaliitaja keloidi kama tahadhari, lakini konea haina mishipa ya damu na haiponi kama ngozi. Madaktari wengi leo hawaizuii kwa sababu hiyo pekee. Itaje tu.

Namba yangu ni kubwa. Kuna kikomo?

Kipo, na hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe. Konea ya kawaida ina unene wa mikroni 540 hivi katikati. Kila dayopta moja ya kutoona mbali hula kati ya mikroni 12 na 15, kutegemea upana wa eneo linalochongwa. Baada ya kutoa kifuniko na kilichochongwa, chini pasibaki pungufu ya mikroni 250. Madaktari wengi hupendelea 300.

Mwenye −4.00 na konea ya 540: toa kifuniko 110, toa 56 za kuchonga (14 kwa kila dayopta), inabaki 374. Hana wasiwasi. Mwenye −9.00 na konea ya 490: toa 110, toa 126, inabaki 254. Kwa karatasi amepita kwa mikroni 4, lakini karibu nusu ya konea yake itakuwa imeguswa, na daktari makini atamkatalia LASIK. Kiutendaji, wengi huishia −8 hadi −10 kwa wasioona mbali na +4 kwa wasioona karibu. Kwa wasioona karibu matokeo pia hayadumu vizuri kama kwa wenzao.

Siku ya vipimo kunafanyika nini?

Tenga saa 2 hadi 3 na usije unaendesha gari, kwa sababu utawekewa matone ya kupanua mboni na utaona ukungu hadi jioni. Kwanza namba hupimwa kabla ya matone na mara ya pili baada ya matone. Kijana anayekaza macho bila kujua huweza kuonyesha namba kubwa kuliko aliyonayo, na akichongwa kwa namba hiyo ataishia kutoona karibu.

Kisha hupigwa picha ya ramani ya konea, mbele na nyuma. Hiki ndicho kipimo kisichorukwa. Keratokonasi changa huanza kujionyesha upande wa nyuma wa konea wakati mtu bado anasoma 6/6 (uwezo wa kawaida wa kuona) kwa miwani, na mashine ya kawaida ya kupima namba haiwezi kuiona. Unene hupimwa, ukubwa wa mboni gizani hupimwa, machozi hupimwa kwa kikaratasi kinachoning’inizwa kwenye kope la chini kwa dakika 5, presha ya jicho hupimwa, na retina hukaguliwa mpaka pembezoni. Wasioona mbali sana wana retina iliyovutika, na tundu likionekana hutibiwa kwanza.

Kliniki inayokupima asubuhi kwa dakika 20 na kukupa kitanda mchana huohuo ikimbie.

Niache lenzi za macho lini?

Lenzi laini, wiki 1 hadi 2 kabla ya vipimo. Lenzi ngumu, wiki 3 au 4 angalau, na wengine huhitaji zaidi mpaka ramani mbili mfululizo zifanane. Lenzi huikandamiza konea na kuipa umbo lisilo lake. Wanaodanganya kuhusu hili huchongwa kwa kipimo cha uongo, kisha hushangaa kwa nini bado hawaoni sawasawa. Lenzi za rangi za urembo nazo ni lenzi.

Siku ya upasuaji inakwendaje?

Kula kama kawaida. Hakuna dawa ya usingizi. Usipake wanja, maskara, losheni ya uso wala manukato, kuanzia jana yake. Mvuke wa manukato huingilia njia ya leza, na chembe za wanja huishia chini ya kifuniko. Vaa shati la kufungua mbele ili usilivute kupitia kichwani wakati wa kurudi.

Utawekewa matone ya ganzi, utasafishwa kope, na kibanio kidogo kitashikilia kope zisifunge. Kwa LASIK ya femtosekondi, pete ya kufyonza hukaa juu ya jicho kwa sekunde 20 hivi: utahisi mgandamizo mkubwa na picha itafifia au kuzimika kabisa. Ni kawaida, ila watu huogopa kwa sababu hawakuambiwa. Pete ikitolewa, unaona tena. Baadaye nyeupe ya jicho inaweza kuwa na mabaka mekundu ya damu mahali pete ilipobana. Huisha kwa wiki 2 au 3 na hayana madhara.

Kifuniko kikifunuliwa, kila kitu huwa na ukungu. Unaambiwa utazame taa moja inayopepesa, mara nyingi ya kijani. Mashine itatoa mlio wa kutatarika na utasikia harufu ya nywele zinazoungua. Hiyo ni harufu ya tishu iliyogeuka mvuke, na nywele zako zipo salama. Namba kama −4 humalizika chini ya nusu dakika. Daktari huosha, hurudisha kifuniko, hukilaza kwa sifongo na kusubiri kishike. Macho yote mawili huchukua dakika 20 hivi; SMILE haipishani sana na muda huo. PRK ina hatua ya ziada: kwa wenye namba kubwa, sifongo yenye mitomycin ya asilimia 0.02 huwekwa kwa sekunde chache hadi dakika mbili ili kuzuia kovu la ukungu, kisha huoshwa kwa maji mengi.

Nikipepesa, nikikohoa au nikigeuza jicho ghafla?

Kope zimeshikwa, huwezi kupepesa. Kamera hufuata mboni mamia ya mara kwa sekunde na leza husogea nayo. Ukitoka nje ya eneo, inajizima na kusubiri. Pale pasipotakiwa utani ni wakati wa pete ya kufyonza. Ukikaza kope au kugeuza kichwa, pete huachia, na kazi huahirishwa au njia hubadilishwa. Kikohozi kikikujia, sema kabla.

Inauma?

Mezani, hapana. Baada ya LASIK au SMILE, ganzi ikiisha utahisi jicho lenye mchanga, likichoma na kutoa machozi, kwa saa 4 hadi 6. Meza paracetamol, funga macho, lala. PRK ni habari nyingine: siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya, mwanga huumiza, na huwezi kufanya kazi yoyote ya maana. Panga mtu wa kukupikia. Kitambaa baridi juu ya kope zilizofungwa na ibuprofen husaidia. Usiombe wala usinunue matone ya ganzi kwa matumizi ya nyumbani; yanazuia utando usiote, na watu wameharibu konea zao kwa hayo.

Matone hutumiwaje?

Kwa kawaida ni ya aina tatu. Antibiotiki, mfano moxifloxacin, mara 4 kwa siku kwa wiki moja. Steroidi ya kutuliza uvimbe, wiki moja au zaidi kidogo kwa LASIK. Kwa PRK hupunguzwa polepole kwa mwezi 1 hadi 3. Machozi bandia yasiyo na kihifadhi, kila saa mwanzoni, kisha kwa miezi kadhaa kila unapohisi ukavu.

Nawa mikono, vuta kope la chini, dondosha tone moja bila ncha kugusa jicho, fumba kwa dakika moja. Kati ya dawa na dawa acha dakika 5, la sivyo ya pili inaifukuza ya kwanza. Usiache chupa ndani ya gari juani.

Steroidi hupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watu bila dalili yoyote, ndiyo maana presha hupimwa kila ukirudi. Yale matone ya mchanganyiko wa dexamethasone na antibiotiki ya duka la dawa mtaani usijiongezee mwenyewe kwa sababu jicho limekuwa jekundu. Maziwa ya mama, asali na maji ya majani yasikaribie jicho hili.

Lini nitarudi kwenye shughuli zangu?

Kazi ya ofisini: siku 2 au 3 baada ya LASIK au SMILE, wiki moja au zaidi baada ya PRK. Kwenye kompyuta mtu husahau kupepesa, hivyo weka machozi bandia mezani. Kuendesha gari: baada ya kukaguliwa na kuambiwa umefikia kiwango cha leseni, si kabla. Usiku ongeza subira, kwa sababu taa za magari huwa na miduara mwezi wa kwanza.

Lala na vikinga vya plastiki kwa wiki moja. Wengi hufikicha macho usingizini bila kujua. Kwenye bodaboda vaa miwani ya kuzuia upepo na vumbi, hata usiku (isiyo ya giza). Bahari, ziwa na bwawa, wiki 2 hadi 4. Wanja na maskara, angalau wiki moja, na ununue mpya. Mbio na mazoezi ya kawaida, siku chache. Mpira wa miguu, mwezi. Ngumi na mieleka, kama umefanyiwa LASIK, zijadili kabla hata ya kuchagua njia. Jua letu ni kali, na kwa PRK urujuanimno unaweza kuchochea ukungu wa konea: miwani ya jua yenye kinga ya UV kwa miezi ya mwanzo ni sehemu ya tiba.

Kutawadha na kufunga?

Kitabibu, maji ya bomba yasiingie machoni kwa wiki ya kwanza. Kupangusa uso kwa kitambaa chenye unyevu huku umefumba macho hakuna tatizo. Namna ya kutimiza udhu katika hali hiyo muulize mwanazuoni wako mapema. Kuhusu matone mchana wa Ramadhani, wanazuoni wametofautiana kama yanafunguza. Ratiba ya wiki ya kwanza haiwezi kusogezwa baada ya futari, kwa hiyo njia rahisi ni kupanga upasuaji nje ya mwezi huo.

Nini huweza kuharibika?

Ukavu ndio malalamiko ya kwanza. Kifuniko kinapokatwa, neva za konea hukatwa nazo, jicho hupoteza hisia na machozi hupungua. Neva huota upya kwa miezi 6 hadi 12. Katika utafiti wa PROWL uliosimamiwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, hadi asilimia 28 ya watu ambao hawakuwa na dalili za ukavu walikuwa nazo miezi 3 baada ya LASIK. Hadi asilimia 46 ya wasiokuwa na dalili za kuona waliripoti angalau moja mpya, kama miduara kwenye taa, miale au picha ya pili. Katika utafiti huohuo zaidi ya asilimia 95 walisema wameridhika na uwezo wao wa kuona, na chini ya asilimia 1 walipata shida kubwa katika shughuli zao za kila siku. Takwimu zote hizo ni za kweli kwa pamoja. Anayekupa ya kuridhika peke yake hajakwambia yote.

Namba inaweza kubaki kidogo au kupitilizwa. Marekebisho hufanyika baada ya miezi 3 hadi 6, namba ikitulia na konea ikiwa bado inatosha. Kifuniko kinaweza kuwa na mikunjo au kusogea, hasa siku ya kwanza kwa sababu ya kufikicha, kikiwahiwa hunyooshwa. Uvimbe wa chini ya kifuniko huonekana siku ya kwanza hadi ya tatu kama vumbi jeupe kwenye hadubini, wakati mwingine mgonjwa hahisi kitu, na hutibiwa kwa steroidi nyingi. Ndiyo sababu ya kurudi kesho yake hata kama unaona vizuri. Seli za utando wa juu zinaweza kuota chini ya kifuniko. Zikisambaa kuelekea katikati, husafishwa.

Maambukizi ni nadra, lakini yakitokea huacha kovu. Nadra pia ni konea kulegea na kutokeza mbele miezi au miaka baadaye, keratokonasi ya kutengenezwa, ambayo husimamishwa kwa kukaza konea kwa matone ya riboflavini na mwanga wa UV. Wapo wachache wanaobaki na maumivu ya neva ambayo jicho, kwa kutazama, halionyeshi sababu yake.

Dalili zipi si za kusubiri kesho?

Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, ukungu unaoongezeka baada ya kuwa ulishaona vizuri, usaha, doa jeupe kwenye konea, au jicho kupigwa au kukwaruzwa na ukucha wa mtoto. Nenda usiku huohuo. Miali ya mwanga na vidoa vyeusi vingi vinavyoelea ghafla vinahusu retina, na hatari hiyo ya wasioona mbali haiondoki kwa sababu miwani imeondoka: urefu wa jicho ni uleule.

Nina miaka 45. Nitaachana na miwani yote?

Ya mbali, pengine. Ya kusomea, hapana, kwa kuwa tatizo la umri huo lipo kwenye lenzi ya ndani iliyokakamaa. Asiyeona mbali wa −2 anayevua miwani kusoma simu ajue kuwa akisahihishwa kikamilifu atapoteza uwezo huo kesho yake. Wapo wanaochagua jicho moja liachwe na −1.25 hivi kwa ajili ya karibu. Jaribu kwanza kwa lenzi za macho kwa wiki moja au mbili. Ubongo wa baadhi ya watu haukubali, na ni nafuu kulijua hilo kabla ya kuchongwa. Ukikaribia 60 na mtoto wa jicho ameanza, leza ya konea haina maana tena.

Kwa nini mnasisitiza kutunza karatasi?

Kwa sababu mbili. Konea iliyopunguzwa husomesha presha ya jicho chini kuliko ilivyo. Presha ya macho ni sababu kubwa ya upofu Afrika, na daktari asiyejua kuwa ulifanyiwa leza anaweza kukuambia uko salama. Pili, siku ukitolewa mtoto wa jicho, hesabu ya lenzi ya kupandikiza hutegemea mbinuko wa konea. Kwa konea iliyochongwa, hesabu ya kawaida hukosea. Omba nakala ya namba ya kabla, ramani, unene, kiasi kilichochongwa na njia iliyotumika. Ipige picha na uitume kwenye barua pepe yako.

Naweza kusafiri kufanyiwa Nairobi au India na kurudi haraka?

Wengi wanafanya hivyo. Kwa LASIK usiondoke kabla ya ukaguzi wa siku ya kwanza, na ikiwezekana kaa wiki nzima. Kwa PRK kaa mpaka lenzi ya kinga itolewe, siku 4 hadi 7. Hewa ya ndege ni kavu, beba machozi bandia mkononi. Kabla ya kununua tiketi tafuta daktari wa macho nyumbani atakayekuona mwezi wa 1, wa 3 na wa 6, na umuulize kama anakubali. Weka pia siku za akiba, kwa sababu vipimo vya huko vinaweza kukukatalia.

Bima hulipa?

Mara nyingi hapana, huhesabiwa kuwa hiari. Unapolinganisha bei, uliza kama ni ya jicho moja au mawili, kama vipimo, matone na ziara za mwaka wa kwanza vimo, na nani hulipia marekebisho.

Nikiambiwa sifai?

Kama kikwazo ni namba kubwa au konea nyembamba isiyo na ugonjwa, ipo lenzi inayopandikizwa ndani, mbele ya lenzi yako ya asili. Hutaka nafasi ya takriban milimita 3 nyuma ya konea na ukaguzi wa kila mwaka, na huweza kutolewa. Kama ni ukavu au mzio, hutibiwa kwanza kwa miezi kadhaa na vipimo hurudiwa. Kama ni keratokonasi, usitoke kliniki bila tarehe ya kupimwa tena: ugonjwa ukiendelea, kukaza konea hufaa zaidi mapema, na ndugu zako wa tumbo moja nao wapimwe.